Gari ya Waipa Mbili

Siku Bochaberi alipobishana na mtu kwa mara ya kwanza maishani mwake, walibishana juu ya mota ya waipa, ile inayofuta mvua kwenye kioo cha gari.

Walikuwa nyuma ya duka la spea la baba yake Sumayya, pale Migori mjini, mahali magari mabovu huachwa mpaka nyasi ziyameze. Katikati ya uwanja ilisimama gari yao ya stima. Ukiiangalia haraka ungesema ni kitanda kimetoroka kwa nyumba ya watu, na kweli fremu yake ilikuwa ya kitanda. Nyuma ilikuwa na magurudumu mawili ya baiskeli, mbele mawili ya toroli, na juu kiti cha plastiki kilichofungwa na waya. Mwaka huo, tisini na sita, mashindano ya sayansi ya shule yalitaka kitu kimoja tu: gari ndogo inayobeba mtu, inayoenda kwa betri moja. Kila shule ingechagua mota yake. Fainali ya mkoa ingekuwa Homa Bay, washindi waende Nairobi, na shule yao ilikuwa imepata nafasi.

"Stata," Sumayya akasema, amechuchumaa na spana mkononi. "Hakuna maneno mingi. Hii ilikuwa inaamsha lori ya tani saba. Sisi wawili tukipanda hapo hatufikishi hata gunia la mahindi."

"Inaamsha lori, halafu inalala," Bochaberi akasema.

Sumayya akainua kichwa. Walikuwa wamekaa dawati moja tangu kidato cha kwanza, na kazi ya Bochaberi kwa miaka hiyo yote ilikuwa kutingisha kichwa na kucheka bila sauti.

"Haiya. Wewe ulijua kuongea lini?"

"Nasema tu. Tujaribu zote."

Wakajaribu zote. Walianza na dainamo ya Land Rover iliyooza. Hiyo ilinguruma kama ng'ombe aliyekatazwa maji, ikatetemeka, ikakataa kuondoka mpaka uisukume kwanza, halafu ikienda inaenda vizuri tu. Sumayya akasema gari ya kusukumwa wanayo tayari, inaitwa mkokoteni.

Ikafuata stata. Waligusanisha waya na gari ikaruka. Sumayya aliyekuwa kwenye kiti alipiga kelele moja tu, kuku wakapaa, na kama si ukuta wa choo labda angejikuta barabara ya Isebania. Alishuka akicheka mpaka machozi. Wakairudia, na mara ya pili ilipanda kile kilima cha changarawe bila kupunguza mwendo. Kwa mara ya tatu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Bochaberi akaweka kidole juu ya mota, akakitoa haraka. Betri nayo ilikuwa imeisha pumzi kama mtu aliyekimbizwa na polisi.

Mwisho ndio wakafunga mota mbili za waipa za basi, moja kila gurudumu la nyuma. Gari ikaondoka kama bibi harusi anayeingia kanisani. Kilima cha changarawe iliipanda kwa taabu, ikisimama, ikifikiria, ikipanda tena. Lakini kwenye uwanja ilienda, ikaenda, ikaenda. Ilikuwa Ijumaa. Mzee Abdullahi, baba yake Sumayya, alifunga duka akaenda msikitini na kuwaacha wakizunguka. Akarudi, akafungua, akauza fanibelti mbili na plagi, akachungulia tena nyuma.

"Hiyo bado?" akauliza.

"Bado, Baba," Sumayya akajibu kwa uchovu. "Hata konokono ametupita, ametusalimia."

"Mvua ikinyesha kutoka Kisii mpaka hapa," Bochaberi akasema, macho yake chini, "waipa inapumzika wapi? Haipumziki. Iguse uone, hata joto haina."

"Lakini haina nguvu, Bocha! Asubuhi ni mashindano ya kupanda kilima. Mchana ni ya kukaa, nani atazima mwisho. Na stata asubuhi tunawamaliza wote. Watu watapiga makofi mpaka kule ziwani."

"Na mchana?"

"Mchana tutaona."

"Mchana tutakuwa tumefunga virago," Bochaberi akasema. "Gari ikikufa Mwalimu ataturudisha saa hiyo hiyo. Mimi nataka ile ya kukaa. Tafadhali, Sumayya. Mimi sijawahi kukuomba kitu."

Hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomshinda Sumayya. Akatupa spana kwenye mkebe.

"Sawa. Lakini tukikosa kwenda Nairobi kwa sababu ya waipa, utanifulia yunifomu mpaka fomu foo."

Kitu ambacho Bochaberi hakusema ni hiki. Alikuwa na dada, anaitwa Nyamoita. Miaka mitatu iliyopita Nyamoita alitoroka nyumbani akaolewa kisiwani Rusinga, kwa watu wa ziwa, kwa mwanamume ambaye hakuwa Mkisii wala hakuwa Msabato. Baba yao, Mzee Mosoti, ni mzee wa kanisa. Hakupiga kelele wala kumlaani mtu. Aliinuka tu mezani jioni ile akasema jina hilo lisitajwe tena ndani ya nyumba yake, na halikutajwa. Mama alikuwa ameshakufa. Nyamoita ndiye aliyekuwa akimsuka Bochaberi nywele, akimpigia pasi sketi, akimlalia upande wa ukuta ili mbu wamalize kwake kwanza. Sasa kitanda kilikuwa kipana, na mbu wote walikuwa wa Bochaberi.

Phelesia, mama anayeuza omena, wale dagaa wa ziwa, sokoni na ambaye huzifuata mpaka Mbita, karibu na Rusinga, ndiye aliyebeba ujumbe. Bochaberi alizunguka meza yake siku mbili kabla ya kupata ujasiri. Phelesia alienda, akarudi, akamwita pembeni huku akimpimia omena za uongo.

"Nimemwona," akanong'ona. "Ako na mtoto. Amesema siku hiyo atapanda boti ya mchana, saa tisa atakuwa hapo Homa Bay. Amesema umngoje. Utamngoja?"

"Nitamngoja."

Kwa hivyo unaona. Stata ingempa makofi ya asubuhi, na saa sita wangekuwa kwenye pikapu ya shule wakirudi. Bochaberi alihitaji mota ambayo ingekataa kufa mpaka saa tisa ipite. Angeweza kumwambia Sumayya yote hayo kwa maneno machache. Kila siku alijiambia atamwambia kesho. Maneno yalikuja mpaka hapa kooni, halafu yakaona aibu yakarudi.

Mzee Mosoti aliruhusu safari kwa sharti moja. "Ni Ijumaa," akamwambia Mwalimu Bichage. "Jua lisizame mtoto akiwa njiani." Mwalimu Bichage naye ni Msabato, na Sabato huanza jua la Ijumaa likizama; hakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Uwanja wa Homa Bay ulikuwa na mteremko kidogo, na ukisimama juu uliona ziwa lote likimetameta huko chini kama bati jipya. Bochaberi alilitazama tangu aliposhuka. Kila kitu cheusi kilichotembea juu ya maji kilikuwa boti ya mchana, ingawa ilikuwa saa mbili asubuhi.

"Niendeshe mimi ama wewe?" Sumayya akauliza. "Dereva ni mmoja, haruhusiwi kubadilishwa siku nzima."

"Mimi," Bochaberi akasema upesi. Alikuwa ameshapiga hesabu kwamba mtu aliye juu ya kiti, akizunguka, huona ukuta wote na lango lote.

Asubuhi waliaibika. Gari za stata zilipanda kilima kama mbuzi, na watu wakapiga makofi, mpaka kule ziwani kama Sumayya alivyosema. Yao ilipanda ikisimama na kufikiria. Kijana mmoja kwenye umati akauliza kama dereva amebeba chakula cha njiani. Sumayya alicheka na wengine, lakini Bochaberi alimwona akigeuza uso.

Mchana mambo yakageuka. Mwamuzi, mwanamume mrefu mwenye filimbi, alisoma masharti: magari yazunguke uwanja, hakuna kubadilisha betri, na mtu yeyote akigusa gari au dereva kabla haijazima yenyewe ama haijazimwa na dereva, gari hiyo imetoka. Filimbi ikalia saa saba. Saa nane stata zote zilikuwa zimekaa kando ya uwanja zikitoa moshi, na wenyewe wakizipepea kwa vitabu. Gari moja mkanda ulikatika. Nyingine betri ilichemka. Zikabaki tatu, kisha mbili: ile ya waipa, na ya wavulana fulani wa hapo Homa Bay, ya dainamo.

"Bocha!" Sumayya alikuwa anatembea upande wa ndani, hatua mbili kutoka kwa gari, uso umebadilika kabisa. "Bocha, unajua tunaweza kushinda hii kitu? Nisamehe kwa yale ya konokono. Konokono ni mtu wangu sasa."

Bochaberi akatabasamu. Lakini macho yalikuwa langoni. Saa tisa ilikuja. Wakaingia watoto wa shule, mama wa ndizi, mzee na baiskeli. Saa tisa ikapita. Gari ilizunguka na kila ilipolipa lango mgongo alihisi shingo inataka kugeuka peke yake. Labda mume alimkataza. Labda mtoto ameugua. Labda Phelesia alisema tu, ili kumpa mtu neno la kulalia.

Saa kumi Mwalimu Bichage alianza kuangalia saa yake, halafu jua, halafu saa.

"Tulipaswa kuwa barabarani," akamwambia Sumayya.

"Mwalimu, tutazima aje? Tunashinda."

Mwalimu akakuna kidevu. Alikuwa mcha Mungu, lakini pia alikuwa mwalimu wa fizikia. "Kidogo tu," akasema, akaenda kumwambia dereva wa pikapu awe tayari. Sumayya naye akaenda kutafuta maji na mahali pa kuswali alasiri.

Ndipo Bochaberi alipomwona. Mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha buluu, mtoto mgongoni, anakimbia kwa ule mtindo wa mama yao, mguu wa kulia ukitupwa nje kidogo. Aliingia langoni akisukuma watu, akasimama, akatafuta kwenye vikundi vya wasichana waliosimama. Hakufikiria kutafuta juu ya gari.

Bochaberi alitaka kuita. Akainua mkono tu.

Nyamoita akauona ule mkono. Alikuja moja kwa moja katikati ya uwanja, mikono imefunguka, na filimbi ikalia.

"Mama! Mama, usiguse!" mwamuzi akapaza sauti. "Ukigusa wametoka!"

Nyamoita akasimama kama aliyepigwa. Gari ikampita polepole.

"Ni nini, Bocha? Nimekosa nini?"

"Usiguse tu," Bochaberi akasema. "Tembea. Unaweza kutembea kando."

Na hiyo ndiyo ilikuwa neema ya waipa, kwamba mwendo wake ulikuwa mwendo wa mtu anayetembea. Nyamoita akashika njia kando ya gari, akipumua kwa nguvu, na wakaenda hivyo, mmoja ameketi na mwingine kwa miguu. Katikati yao ilikuwa nafasi ndogo tu, hata kikapu hakingepita.

"Injini ya boti ilizima katikati ya maji," Nyamoita akasema. "Tumepiga makasia. Nimelia kwa boti kama mtoto, mpaka wakaniuliza nani amekufa. Na boti ni hiyo hiyo inarudi, saa kumi na moja na nusu. Umekuwa mkubwa. Nani anakusuka?"

"Najisuka."

"Inaonekana," Nyamoita akasema, na wote wakacheka, na kucheka kukawa kubaya kwa sababu kulifungua machozi.

Mtoto alikuwa ameamka. Alichungulia juu ya bega la mama yake, akamwona huyu mtu anayeteleza bila miguu kusonga, akanyoosha mkono amshike pua. Bochaberi akarudisha kichwa nyuma. Mtoto akadhani ni mchezo, akanyoosha tena. Bochaberi akakwepa tena. Mtoto alikuwa na vidole vidogo vyenye mashimo pale mifupa inapokutana, na vilikuwa hapo, hapo kabisa, vinanukia maziwa na moshi.

"Baba je?"

"Yuko."

"Anaulizaga?"

Bochaberi hakujua kudanganya. "Haulizi. Lakini kile kikombe chako, hataki mtu akitumie. Kinaoshwa, kinarudishwa."

Nyamoita akajifuta uso kwa ncha ya kile kitambaa cha buluu, akaendelea kutembea. Sumayya alikuwa amerudi, akaona mwanamke akiandamana na gari yao, akadhani ni mmoja wa wale mama wa soko waliopenda maajabu. Alisimama upande wa pili, akiwatazama wavulana wa dainamo.

"Inakohoa!" akaita kutoka kule. "Bocha, yao inakohoa! Shikilia hapo tu!"

Waipa nazo zilikuwa zimechoka. Hazikuungua, hazikunuka, ila betri ilikuwa inaelekea chini, na mwendo ulipungua, na Nyamoita alipunguza hatua, ikawa wanatembea kama watu wanaosindikizana ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kwaheri. Chini kule, boti ilipiga honi.

"Ndiyo hiyo," Nyamoita akasema. "Nikiikosa nalala nje na mtoto. Wacha niende, Bocha. Nimekuona. Umekalia kiti kama chifu."

"Ngoja."

"Haitaningoja."

Bochaberi aliangalia upande wa pili. Gari ya dainamo ilikuwa inakaribia kusimama, halafu inaendelea, kama mtu anayesinzia kanisani. Raundi moja, labda mbili. Akamwona Sumayya ameshika kichwa kwa mikono miwili, anaomba. Akaangalia lile shavu la dada yake, lililochomwa na jua la ziwa, karibu vile. Miaka mitatu. Honi ikalia tena.

Akazima swichi.

Alishuka na miguu ikakataa, ilikuwa imekufa ganzi, na Nyamoita akamdaka kabla hajaanguka. Mtoto alipata ile pua mwishowe, akaishika kwa nguvu zote. Dada alinuka omena na sabuni ya kipande, na chini ya hiyo harufu kulikuwa na ile nyingine, ya upande wa ukuta. Halafu mikono ikafunguka, kitambaa cha buluu kikapita langoni, na kikashuka kilima kikikimbia.

Sumayya alifika akihema. "Imekufa? Waya gani? Sema, waya gani?"

"Haijakufa," Bochaberi akasema. "Nimezima."

Nyuma yao ile gari ya dainamo ilisonga mbele kidogo, ikasimama, na haikuondoka tena. Haidhuru. Ilikuwa ya mwisho, na wavulana walikuwa wameshaanza kubebana mabegani.

Ndani ya pikapu Mwalimu Bichage alikaa mbele, akisukuma barabara kwa macho. Wasichana walikaa nyuma na gari yao iliyofungwa kwa kamba. Mpaka Rongo Sumayya alikuwa akikaza kamba zilizokuwa zimeshakazwa. Hapo jua lilikuwa linazama, na Mwalimu alionekana kupitia kioo akiinamisha kichwa, midomo ikisonga.

"Yule mama ni nani?" Sumayya akauliza.

"Dada yangu."

"Wewe una dada?"

Bochaberi akamwambia. Alianza na Phelesia na omena za uongo, akarudi nyuma mpaka kwenye ile meza ya jioni, akaja mbele mpaka kwenye boti. Upepo ulikuwa mwingi na ilibidi aseme kwa sauti, kitu ambacho hakuzoea. Sumayya alisikiliza, magoti yamekumbatiwa.

"Kwa hivyo zile waipa zilikuwa za dada yako," akasema.

"Nisamehe."

"Wewe ni mjinga, unajua hiyo?" Sumayya alisema bila hasira, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko hasira. "Ungeniambia, mimi ningeendesha. Si nilikuuliza asubuhi? Ningekaa hapo juu mpaka betri iishe. Na wewe ungekuwa chini na yeye, umembeba huyo mtoto, mnazunguka. Tungeshinda na ungemshika. Vyote viwili, Bocha."

Bochaberi alishika ukingo wa pikapu. Hakuwa amefikiria hilo hata mara moja, siku hizo zote, katika usiku wote aliopanga kila kitu: mota, betri, saa, lango. Sasa aliliona waziwazi, uwanja ule na jua lile, Sumayya juu ya kiti akitukana konokono, na yeye chini, mtoto mgongoni mwake, mkono wa dada yake ndani ya mkono wake, mwendo mzima wa jioni.

Giza lilikuwa limeingia walipopita Awendo. Mashamba ya miwa yalikimbia pande zote mbili na hayakuisha.

"Boti itakuwa imefika saa hii?" akauliza.

"Kama injini yao haijazima," Sumayya akasema. Akamsogelea, kwa sababu ya baridi. "Mtoto anaitwa nani?"

Bochaberi akageuka kuangalia kule walikotoka.

"Sijamuuliza," akasema.

Sumayya akamtazama kama anayepima kitu. "Phelesia huenda Mbita siku gani?"

"Jumanne."

"Basi Jumanne tutamuuliza," akasema. "Mimi ndiye nitaongea."

Pikapu ikashuka kuelekea taa za Migori, na Bochaberi, mgongo umeegemea ile betri baridi, akaanza kujaribu majina kimyakimya, moja baada ya lingine, akitafuta lile ambalo lingefanana na vile vidole.